Luzmila Ameinua Mkono

Arequipa, Jumapili, 9 Februari 1997

Mama Satu wangu,

Nimefika. Saa kumi na nne ndani ya basi zimenipa ganzi ambayo sindano zetu hazijawahi kumpa mtu, na mahali ilipokamata si mdomoni. Nimepanga chumba kwa mjane mmoja anayepika pilipili zilizojazwa nyama. Ukila mbili, jino linajing'oa lenyewe.

Unajua nilivyoondoka nimenuna. Miaka kumi na tisa natibu meno Huancarpata, halafu Wizara inaniita nikafundishwe kutibu watoto, miezi mitatu mizima, kama mwanafunzi aliyefeli. Basi ngoja nikuambie ukweli: nilikuwa sijui.

Tuko madaktari kumi na watano, wote wa milimani. Mwalimu wetu, Profesa Lazarte, ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya muuza samaki. Alhamisi aliingia na blanketi na mshipi, akauliza: "Nani kati yenu humfunga mtoto kabla ya kumng'oa jino?" Tukainua mikono sote, tena kwa fahari. Akasema: "Vizuri. Nani anaanza kufungwa?"

Nilianza mimi. Wakaniviringa, mikono ikabaki ndani, daktari mmoja wa Puno akanibana kichwa, na profesa akanisogelea na kioo. Kioo tu, Mama Satu, bila sindano wala koleo! Nilipiga kelele, nikalia mpaka makamasi mbele ya wenzangu. Nilipofunguliwa mshipi hakuna aliyecheka. Wa pili naye alilia, na ni mwanamume wa kilo tisini.

Huku wanafundisha hivi: mwambie mtoto, mwonyeshe, ndipo umfanyie. Upe mkono wake amri. Akiuinua, daktari anasimama papo hapo. Akisema hapana, ni hapana. Arudi kesho na kesho kutwa mpaka akuamini. Hakuna mtoto aliyekufa kwa kusubiri.

Ule mshipi mwekundu nyuma ya mlango wa zahanati, utoe. Uchome ukitaka. Nikiwakumbuka wote tuliowafunga mimi na wewe naona haya. Tumewaumiza, Mama Satu.

Daktari Evaristo atakuja kushika nafasi yangu, wiki moja anakuja, nyingine haji, siku ni Alhamisi. Mpikie vitu laini, tumbo lake halimpendi. Nibusie mjukuu wako Luzmila.

Wako,
Rosaura


Huancarpata, Jumapili, 16 Februari 1997

Daktari,

Barua yako ilifika Jumatano ikiwa imelowa. Hilario dereva anasema ni mvua, mimi nasema aliikalia akiendesha gari. Simu ya manispaa bado imekufa tangu radi ya Krismasi, kwa hiyo nakujibu kwa mwandiko wangu wa darasa la tatu. Ukicheka nitajua.

Umeandika "tumewaumiza". Asante kwa kunihesabu. Wewe ulishika koleo, mimi nilishika vichwa, na anayeshika kichwa ndiye anayetazamwa machoni.

Mshipi huo niliufuma mimi, mwaka ulipokuja hapa hujui hata kuwasha jiko la samadi na ukalala kwangu miezi minane. Mama yangu alinifunga mimi, mimi nikamfunga binti yangu Delfina, Delfina akamfunga Luzmila. Hakuna mtu wa hapa aliyekua bila kufungwa. Kwetu kumfunga mtoto ni kumkumbatia ukiwa na kazi nyingine mkononi. Huko mjini labda mnawaacha wametapakaa kama watoto wa mbwa, sijui.

Unafikiri sikuona kwamba wanaogopa? Daktari, kila mtoto niliyemshika kichwa, jioni nilichukua kofia yake, nikasimama mlangoni mwa zahanati nikaita jina lake: njoo, njoo twende nyumbani, usibaki kwenye hicho kiti. Roho ya mtoto ikishtuka hutoka, na isipoitwa mtoto anakonda. Miaka kumi na tisa nimewaita mmoja mmoja. Ukinisikia nje ulikuwa unadhani nafagia. Sikukwambia kwa sababu ungesema ni mambo ya kishamba.

Mshipi sikuuchoma. Nimefungia gunia la viazi vikavu. Umeridhika?

Siku mbili nimekasirika, ya tatu nikasema, labda mwanangu kajifunza kitu huko na mimi ndiye mzee wa kukataa. Luzmila ana gego limetoboka, la chini kulia. Akinywa uji wa moto analia. Nifundishe hayo mambo yenu nianze na huyu. Akiharibika ni wa kwangu.

Nimekukasirikia bado kidogo.

Mama yako wa zahanati,
Saturnina


Arequipa, Ijumaa, 21 Februari 1997

Mama Satu,

Nimesoma habari za kofia nikiwa nimekaa kitandani na nimeshindwa kwenda darasani. Miaka kumi na tisa! Ulinificha jambo zuri kuliko yote yaliyokuwa yanafanyika kwenye zahanati ile. Nisamehe kwa neno "uchome". Nimeandika kama mtu aliyeona bahari jana na leo anawafundisha wavuvi.

Sasa Luzmila. Usimguse jino. Siku ya kwanza mpe kioo achezee, akutazame wewe mdomoni, ahesabu meno yako yaliyobaki (hatachoka). Siku ya pili akae kwenye kiti, umpandishe na kumshusha. Siku ya tatu umwambie: mimi nitatazama tu, na ukiinua mkono nasimama. Halafu, Mama Satu, hapa ndipo penyewe: akiinua, usimame kweli. Hata ukiwa umebakiza nusu dakika. Ukimdanganya mara moja, mkono wake haufai tena kitu.

Mpake karafuu kwa maumivu. Nikirudi Mei nitamtibu mwenyewe, naye atakuwa mtoto wa kwanza wa Huancarpata kuketi kwenye kile kiti kwa hiari yake. Nataka sana kuliona hilo. Sijataka kitu hivi kwa muda mrefu.

Mwanao, ukimkubali,
Rosaura


Huancarpata, Jumapili, 2 Machi 1997

Mwanangu daktari,

Nimekukubali. Sikiliza mambo.

Luzmila amekuwa gavana. Kioo hakimtoki mkononi. Amemkagua mbuzi, amemkagua padri, amesema padri ana matundu matatu na aache sukari. Kwenye kiti anapanda mwenyewe. Juzi nilimtazama mdomoni, nikahesabu mpaka nne, akainua mkono. Nikasimama. Akashusha. Nikaendelea, akainua. Nikasimama. Mara saba, Daktari! Mara ya saba akacheka mpaka akajamba, akasema: "Bibi, kumbe unasikia."

Neno hilo limenikaa. Nimelea watoto watano na hakuna aliyewahi kuniambia nasikia.

Sasa anainua mkono kwa kila kitu. Kuchanwa nywele, mkono. Supu ya kwinoa, mkono. Kanisani, mahubiri yamekuwa marefu, mkono, na watu wote wakageuka. Nilitaka kumfinya ila nilikuwa nakubaliana naye.

Bomba la uani limeziba tena. Mke wa Hilario amejifungua pacha na Hilario anaendesha gari akisinzia. Jino la Luzmila limeacha kuuma lenyewe tangu Jumatano, sijui ni karafuu yako au ni maombi, ila shavu la upande huo limenona kidogo, kama mtu aliyeficha mahindi ya kuchemsha, na Eufrasia jirani anakusalimu sana, anauliza kama meno yake ya bandia yako tayari maana sherehe za mavuno zimekaribia na hataki kucheza amefumba mdomo.

Nimeanza kuwaambia akina mama shuleni kwamba zahanati haitafunga tena mtoto. Wananitazama kama mlevi. Nimeona raha.

Mama yako,
Satu


Arequipa, Ijumaa, 7 Machi 1997

Mama Satu, Mama Satu,

Barua yako nimeisoma darasani! Profesa Lazarte alituuliza nani ana habari kutoka nyumbani, nikasimama, nikawasomea kuhusu kioo na padri na mkono mara saba. Nilipofika kwenye "Bibi, kumbe unasikia", daktari wa kilo tisini alitoa kitambaa. Kisha wakapiga makofi, wote, wamesimama. Makofi yako, si yangu. Profesa anasema ametembea nchi nzima akifundisha hili na hajaona mtu aliyelishika haraka kama msaidizi wa zahanati mwenye darasa la tatu. Anataka uje Arequipa mwaka ujao utufundishe.

Mwambie Luzmila kwamba madaktari kumi na wanne wamempigia makofi. Mwambie aendelee kuinua mkono. Kanisani apunguze.

Endelea vivyo hivyo, usibadilishe kitu.

Mwanao anayejivuna,
Rosaura


Huancarpata, Jumapili, 9 Machi 1997

Daktari,

Nakuandikia haraka, Hilario anapiga honi.

Alhamisi Daktari Evaristo alikuja. Alimtazama Luzmila shavuni akasema jino limeoza mpaka kwenye mzizi, ling'olewe sasa hivi. Akatoa koleo. Luzmila akainua mkono. Evaristo akasema: "Mama Saturnina, mshike." Nikasema zahanati hii haishiki tena mtoto, tunamsubiri akubali. Akanitazama. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, mama," akasema. Nikamwambia hayo ni ya zamani, daktari wetu amejifunza mapya Arequipa. Nilisimama kati yake na kiti, Daktari, mikono nimeiweka kiunoni. Ungeniona ungejivuna.

Aliacha vidonge, dawa ya maji ilikuwa imemwishia. Luzmila anavitema, hata nikivisaga kwenye asali. Akasema atarudi Alhamisi ya tarehe ishirini, na siku hiyo atang'oa apende asipende.

Tangu Ijumaa ana homa. Uvimbe umeshuka chini ya kidevu, ni mgumu ukiugusa. Jana hakutaka hata kioo. Nikimsogelea anainua mkono tu, nami nasimama.

Nimefanya vizuri, sivyo? Nijibu upesi. Mto unakula barabara.

Satu


Arequipa, Alhamisi, 13 Machi 1997

MAMA SATU, nimepata barua sasa hivi, nakuandikia hapa hapa kituoni, nampa dereva akukimbizie.

Mpeleke Sicuani, hospitali, leo. Usisubiri gari la abiria, panda lori lolote. Hili si la kusubiri! Uvimbe ukishuka chini ya kidevu unaziba koo. Mshike, mfunge, mtie dawa kwa nguvu, akulilie, akuchukie, akuume, mpeleke tu. Waambie usaha wa jino, shingo imevimba, ana homa siku ya saba. Wataelewa.

Mkono wa mtoto ni wa kiti na kioo. Si wa hili. Sikukwambia. Sikukwambia, Mama Satu.

Nakuja. Wanasema daraja limekwenda, nitavuka kwa miguu.

R.


Arequipa, Jumatatu, 24 Machi 1997

Mama Satu,

Unajua kwamba nilikuja. Nilifika Jumapili ya tarehe kumi na sita, mchana, matope mpaka magotini, na nilipopita sokoni watu walivua kofia, nikajua. Mlango wako haukufunguka. Nilikaa kwenye kizingiti nikasikia mtu anatembea ndani, polepole, akisogeza vyombo. Kisha Eufrasia akaja akanishika mkono akaniondoa. Sikulaumu.

Naandika kwa sababu kuna jambo nisipolisema nitaoza.

Uliniambia. Katika barua ya tarehe mbili, kati ya pacha wa Hilario na meno ya Eufrasia, uliandika kwamba jino limeacha kuuma na shavu limenona. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua maana yake: jino limekufa na usaha unatafuta njia. Nilisoma mstari ule, nikatabasamu kwa sababu ya mahindi, nikauruka. Darasani niliposoma barua kwa sauti niliuruka pia, ili nisiwachoshe na habari za bomba. Walikuwepo madaktari kumi na wanne na profesa, Mama Satu. Mmoja tu kati yao angeusikia mstari ule, angeruka kutoka kwenye kiti. Niliwanyima. Nilitaka tufike upesi kwenye makofi.

Na lile neno, kwamba hakuna mtoto aliyekufa kwa kusubiri. Profesa hakulisema. Niliangalia daftari langu lote. Nililiandika mwenyewe kwa sababu lilisikika vizuri.

Niambie alivyokwenda. Sina haki ya kuuliza. Niambie.

Rosaura


Huancarpata, Jumapili, 13 Aprili 1997

Daktari,

Umeuliza, nakujibu.

Jumanne, siku mbili baada ya kukuandikia, alishindwa kumeza mate. Nikaacha kumsubiri. Jumatano asubuhi nilimbeba mgongoni nikampandisha kwenye gari la Hilario, mbele, kwa dereva. Alinyoosha mkono juu nilipomfunga mgongoni, na safari hii sikusimama. Hilario alikuwa na barua yako, ya makofi. Akanipa.

Tulifika darajani saa nne. Daraja lilikuwa limebaki nguzo. Upande wa pili kulikuwa na trekta ya manispaa, mwendeshaji amekwenda kutafuta mafuta. Tukasubiri. Watu wakaja na kamba, wakasema maji yakishuka kidogo watamvusha mtoto mabegani. Nikafungua barua yako nimsomee apate kutulia. Alisikiliza. Nilipofika kwenye madaktari kumi na wanne, akatabasamu kwa upande uliokuwa unaweza. Hakuweza kusema, akaigusa karatasi nirudie pale penye makofi. Nimerudia mara nne. Mara ya tano alikuwa hanisikii.

Ilikuwa saa sita, jua kali, mvua haikunyesha siku hiyo hata tone. Trekta iliwaka saa nane.

Barua yako ya kusema nimshike na kumfunga ilifika Jumapili pamoja na wewe. Nilikuwa naisoma wakati umekaa kizingitini.

Na mimi nina la kusema. Umeandika kwamba niliandika shavu limenona. Halikunona. Lilikuwa limevimba, na nilijua ni uvimbe. Niliandika limenona, nikaweka mahindi, nikaliweka katikati ya mambo ya kuchekesha ulipite, kwa sababu nilikuwa nimekwambia tumefaulu na nilitaka ubaki unafurahi. Nilitaka unisifu. Mzee wa miaka hamsini na tisa, nilitaka sifa kama mtoto wa shule.

Delfina amefika kutoka Tacna. Ameuliza kwa nini sikumshika. Nimemwonyesha barua zako, hajui kusoma vizuri, akazirudisha, akauliza tena.

Saturnina


Arequipa, Jumapili, 27 Aprili 1997

Mama Satu,

Barua yako naitembeza mfukoni. Nimejaribu mara nyingi kukujibu kuhusu darajani, kila sentensi ni aibu.

Nimeamua. Mafunzo yanaisha baada ya wiki tatu, lakini nimeacha kwenda. Nimeiandikia Wizara barua ya kuacha kazi, iko mezani, nitaipeleka Mei. Sitagusa tena mdomo wa mtoto. Binamu yangu ana duka la vifaa vya meno karibu na soko, nitauza glavu na pamba. Pamba haiui mtu. Huancarpata watapewa daktari mwingine, kijana, mwenye akili, asiyependa kusikia sauti yake mwenyewe.

Si wewe uliyemuua. Ulifanya nilichokuambia, kwa uaminifu, mbele ya mtu mzima aliyekuambia vingine. Ulisimama upande wangu. Hakuna mtu aliyewahi kusimama upande wangu hivyo, na tazama nilikokupeleka.

Nakuomba kitu kimoja na ukikataa sitauliza tena. Nisamehe. Andika hata neno hilo peke yake kwenye karatasi umpe Hilario. Sitaki salamu, sitaki habari. Neno tu.

Rosaura


Huancarpata, Jumapili, 11 Mei 1997

Daktari Rosaura Pinares,

Umeandika kwamba hurudi. Nimesoma mara tatu nikidhani nimesahau kusoma.

Hapa leo ni sikukuu ya akina mama. Watoto wa shule wanapita nyumba kwa nyumba na mwalimu wao, kila mama anapewa ua. Walipofika kwetu, mimi na Delfina tulikuwa tumesimama mlangoni, na yule mtoto mwenye maua hakujua ampe nani. Mwalimu akamsukuma waende. Delfina hajasema na mimi neno tangu siku ile aliponirudishia barua zako, isipokuwa "chumvi iko wapi".

Sasa nisikilize, si kwa ajili yangu.

Jumanne iliyopita Eufrasia alikuja na mjukuu wake, Wilber, miaka minne, shavu limevimba. Sikumwuliza Wilber anataka nini. Nilimkamata, akanipiga mateke, akaniuma kidole mpaka damu, tukapanda gari la maziwa, daraja sasa limetengenezwa. Sicuani walimtoa usaha, amerudi Alhamisi, anakula na anatukana. Watu wamenishukuru barabarani.

Ijumaa wakaleta mtoto mwingine, msichana wa kule juu malishoni, analia jino. Nikamkamata na yeye. Nilimbana kichwa, nilimfungua mdomo kwa kijiko, alijikojolea mikononi mwangu. Hakuwa na uvimbe. Hakuwa na homa. Alikuwa anaota gego jipya, Daktari, basi. Alinitazama vile walivyokuwa wananitazama wote miaka kumi na tisa, na safari hii nilikuwa najua anasema nini.

Kwa hiyo sijui. Nikisubiri nazika, nikishika navunja, na sijui ni nani wa kusubiriwa na ni nani wa kukimbizwa hospitali. Mimi sikufundishwa. Nilifundishwa nusu, kwa barua. Evaristo amechoka, amesema haji tena. Kijana mwenye akili unayemsema hatakuja hapa, hawajawahi kuja, ulikuja wewe tu. Kuna watoto mia mbili na kumi na mmoja kwenye shule hii, nimewahesabu, na kila mmoja ana meno mabovu kwa sababu ni watoto wa hapa.

Rudi darasani. Wiki iliyobaki uikae yote. Muulize huyo profesa kila kitu, hasa yale yasiyopigiwa makofi. Muulize jino linaposema subiri na linaposema kimbia, uandike vizuri, ulete.

Neno uliloniomba sina. Nimelitafuta. Nimeamka nalitafuta, nimekwenda kanisani nikalitafuta kwa magoti, sina. Ningeweza kuliandika, ni herufi chache, lakini nilikuandikia shavu limenona na unajua lilikotufikisha. Sikuandikii tena la kukufurahisha. Likija nitakwambia. Lisipokuja utafanya kazi bila hilo, na mimi pia.

Njoo. Nitafungua zahanati saa mbili. Nitachemsha vyombo, nitaita watoto kwa majina, nitasimama pale ninaposimama siku zote, upande wako wa kushoto. Usiniite mama. Usinitazame usoni. Siku nitakayoweza, nitakutazama mimi.

Saturnina Ccallo